Injili Niliyoisikia Nusu

Kuna injili moja ambayo kanisani kwetu hurudi kila baada ya miaka mitatu, mwezi wa saba, wakati mpunga umeshaingia ndani na watu wana nafasi ya kusikiliza. Ni ule mfano wa Ufalme wa Mungu: mtu alipanda mbegu nzuri shambani mwake, watu walipolala adui yake akaja akapanda magugu humo humo katikati ya ngano, akaenda zake. Katika miaka ya tisini ulisomwa mara tatu. Mara ya kwanza niliusikia nusu, na kwa ile nusu nikamtoa nyumbani dada yangu aliyenilea. Mara ya pili niliusikia wote, nikaanza kutafuta namna ya kumrudisha. Ya tatu nitaisema nikifika.

Ngano kwanza sisi hatuijui. Tunaijua ikiwa unga, tena wa chapati za sikukuu. Lakini hayo magugu yake tunayajua vizuri kuliko hata mapadri, kwa sababu bondeni kwetu kuna mpunga mwitu. Unaota pamoja na mpunga, jani lile lile, kimo kile kile, hata mtu aliyezaliwa bondeni atasimama juu yake asiutambue. Mpaka utoe masuke ndipo unajijulisha: punje ina nywele ndefu, na ukiigusa tu inapukutika, inaingia matopeni kungoja mwaka mwingine. Hakuna anayeupanda. Unakuja na maji ya mafuriko, au umo ndani ya mbegu uliyoazima kwa jirani. Lakini mwulize mtu wa kwetu aliyeharibikiwa shamba ni nini kimemharibia. Hakwambii maji. Anakwambia mtu.

Sisi asili yetu ni upande wa Mahenge, huko juu. Mama alifariki mimi nikiwa na mapengo ya meno ya utoto, na dada alipoolewa huku bondeni alikuja na mimi mgongoni, kama mizigo mingine ya bibi harusi. Mumewe alikaa naye miaka kadhaa, akamrudisha kwa kuwa hakuzaa. Wa kumrudishia hakuwepo, kwa hiyo tukabaki wawili tu, tukalima, mpaka ndugu wengine wa ukoo nao waliposhuka kutoka Mahenge. Shule nilikwenda madarasa mawili. Kusoma kwenyewe nilijifunza kwenye katekisimu, yeye akipepeta mchele na kunisikiliza. Herufi hakujua hata moja, lakini nikinyamaza alinikaripia, "Endelea, mvivu wee!" Kumbe nilikuwa nimefika mwisho wa ukurasa. Nilipooa alijenga kibanda chake uani kwangu. Aliniita baba, kwa sababu nimerithi jina la baba yetu, na watoto wangu wote walipakatwa na yeye kabla yangu mimi.

Masika ya mwaka tisini na tatu nilipoteza watoto wawili. Hayakupita majuma matano kati ya wa kwanza na wa pili. Ilikuwa degedege: homa kali, macho yanageuka, mwili unakakamaa kama mti. Wakati ule tuliamini kwamba mtoto wa degedege ukimpeleka hospitali akachomwa sindano umemmaliza, kwa hiyo dada aliwaogesha majani kama kila mtu alivyofanya. Wote wawili walikufa mapajani mwake. Na wangekufa wapi? Mama yao alikuwa hawezi kutazama, mimi nilikuwa nazunguka uani kama kuku. Yeye ndiye aliyebaki amewashika.

Siku chache baada ya matanga mke wangu alikuwa anawasha moto asubuhi. Hakunigeukia, alisema tu, "Wifi hakuzaa." Maneno mawili. Simlaumu, nilimwambia hata yeye kwamba nitayaandika haya, akasema andika. Mama aliyefiwa anaokota jiwe lolote lililo karibu. Mimi ndiye niliyelirusha. Na kilabuni hawakukosekana wa kunichochea. Mmoja aliniambia mbele ya watu, "Mwenzetu, wewe unafuga nyoka, unamwita kamba ya mbuzi." Wakacheka, nami nikacheka. Nililipa kicheko kile baadaye.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa saba tukaenda kanisani. Sisi tulikuwa kigango tu, padri alikuja mara moja moja, ibada aliiongoza katekista, mtu mpole, mwenyeji wa kijiji cha Kisawasawa, sauti yake ya kubembeleza kama anauza vitumbua. Akaanza injili ile. Alipofika pale watumwa wanapomwuliza bwana wao magugu yametoka wapi, na bwana akajibu kwamba hii ni kazi ya adui, nilihisi kama mtu amenigonga begani. Nikageuka kutazama upande wa wanawake. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la tatu, khanga kichwani, anasinzia kidogo maana alikuwa ametwanga alfajiri. Nikamwangalia mpaka injili ikaisha. Katekista aliendelea kusoma, mdomo nauona, lakini mimi masikio yalikuwa yameshaziba. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta.

Kwetu upo utaratibu ambao watu wa mbali hawaujui. Mtu akishukiwa uchawi hapigwi, wala nyumba haichomwi. Anapelekwa kwa mganga kunyolewa. Ukoo wote unakwenda naye, mshukiwa na wanaomshuku, ananyolewa nywele zote za mwilini, anaogeshwa dawa na kunyweshwa, na toka hapo inahesabika uchawi wake umekwisha nguvu. Watu husema ni huruma, kwani sehemu nyingine wanaua. Mimi pia nilijiambia ni huruma.

Nilimkuta anaanika mpunga mkekani, anausambaza kwa mguu.

"Dada, ndugu wamekaa."

"Wamekaa wapi?"

"Wamekaa kikao. Wanataka twende ng'ambo ya mto. Wote, siyo wewe peke yako."

Mguu ukasimama. "Na wewe, baba, unataka?"

"Nataka amani."

"Sikuuliza habari ya amani. Nimeuliza kama unataka ninyolewe."

Nikasema nataka. Akauzungusha tena mguu wake kwenye mpunga, akamaliza ule mkeka wote ndipo akanijibu. "Basi twende. Kichwa hiki nimekubebea kuni tangu ukiwa na mapengo, kichukue. Lakini tukirudi, nikishashuka kwenye pantoni, kwako siingii tena." Nilidhani ni hasira, na hasira za dada nilizijua, zilikuwa hazifiki jioni.

Kwenye pantoni palikuwa na muuza samaki mmoja, baiskeli yake imefungwa matenga mawili ya kambale, maji yanamdondokea miguuni. Akatuona tumevaa vizuri, wazee kwa vijana, akaropoka, "Hee, ukoo mzima! Mnakwenda harusini?" Wote tukatazama maji. Dada akamjibu, "Ndiyo, mwanangu. Bibi harusi ni mimi." Yule mtu alicheka mpaka akashikilia tenga. Hata ndugu zetu wengine walicheka. Mto Kilombero pale kivukoni ni mpana, na siku ile niliuona mpana zaidi.

Ya kwa mganga sitayaeleza yote. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwa safu kama wanaongoja dawa za minyoo. Alipotoka kunyolewa sikumjua. Nilishangaa kichwa chake kilivyokuwa kidogo, kama cha mtoto, na kovu moja kisogoni ambalo miaka yote sikujua kama lipo. Akaja mpaka nilipokaa, akainama, akaniambia taratibu, "Tazama vizuri, baba. Umeziona pembe?"

Tuliporudi na pantoni kufunga upande wetu, alichukua kifurushi chake, akaacha barabara ya nyumbani akashika njia ya bondeni. Huko tulikuwa na shamba la mpunga, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na kibanda ambacho ukoo wote tulihamia msimu wa kilimo ili kuwafukuza ndege. Msimu ukiisha hakuna anayebaki kule ila nguruwe pori. Yeye alibaki. Ikapita wiki, ikapita mwezi. Nilimpelekea chumvi na sabuni, akapokea, akanishukuru, akaniuliza habari za mke wangu. Hakunitukana hata siku moja. Angenitukana ningepumua.

Haikuishia hapo. Kanisa lilikuwa linakataza mambo ya kunyoana. Waliokwenda, aliyenyolewa na aliyempeleka, walifungiwa sakramenti mpaka waungame na kutimiza malipizi. Mimi niliungama upesi. Nilifyeka majani ya kiwanja cha kanisa siku nilizopangiwa, nikarudi mezani kwa Bwana kabla ya Krismasi, mashati yangu yamepigwa pasi. Aliyekata nywele karudishwa, aliyekatwa yuko nje. Katekista alimfuata dada bondeni kwa baiskeli, na mimi nikiwa naye.

"Mama, ungama tu mambo yaishe."

"Niungame nini, katekista? Nywele?"

"Ungama kwamba ulikwenda kwa mganga."

"Nilipelekwa. Aliyenipeleka si huyu hapa, na ameshapona?"

Katekista akatazama mnyororo wa baiskeli yake. Toka siku ile alimwombea tu. Na dada, Jumapili alikuja. Alitembea zile saa tatu, akakaa nje kwenye kivuli cha ukuta, chini ya dirisha la upande wa wanawake, akasikiliza ibada yote, akaondoka kabla watu hawajatoka.

Mwaka tisini na tano, masika tena, kitindamimba wangu, binti, akashikwa na homa. Ile ile. Macho yakageuka. Mke wangu alisimama mlangoni akatazama uani, kile kibanda kilikuwa kimeshaanguka paa, akaniambia, "Yeye hayupo. Sasa ni nani?" Nilimfunga mtoto mgongoni kwa khanga kama mwanamke, nikapanda baiskeli nikaenda naye hospitali. Wakampima damu, wakasema malaria imepanda kichwani, wakamtundikia dripu. Malaria. Nilirudia lile neno kama mjinga. Nilikuwa nimemnyoa dada yangu kwa kazi ya mbu.

Siku ya tatu nilitoka nje, pale ndugu wa wagonjwa wanapopikia, nikamkuta amekaa na sufuria ndogo imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Anaendeleaje?"

"Amefumbua macho. Anamwuliza shangazi yake. Ingia umwone."

"Siingii."

"Dada, ingia."

"Nikiingia na akafa, mtaninyoa nini tena?" Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Akanipa ile sufuria, ulikuwa uji wa mchele, akaondoka. Niliuingiza ndani. Mke wangu alipojua umetoka kwa nani aliushika mikononi muda mrefu, mvuke unampiga usoni. Kisha akachukua kijiko akamnywesha mtoto, kijiko kwa kijiko, mpaka ukaisha. Mtoto akapona. Leo ni mama wa watu.

Mwaka uliofuata injili ikarudi. Safari hii nilikaa mbele. Katekista akasoma, akafika pale pa adui, nikajikaza kama mtu anayengoja kipigo, akapita. Ndipo nikasikia yanayofuata: watumwa wakamwuliza bwana wao, twende tukayang'oe? Naye akakataa. Akasema mtang'oa na ngano pamoja nayo, acheni vyote vikue mpaka mavuno. Baada ya ibada nilimshika katekista mkono.

"Hayo maneno ya mwisho umeyaongeza lini?"

Akacheka. "Mzee, yapo tangu Bwana Yesu."

"Na mwaka ule uliyasoma?"

"Nilisoma yote. Mimi siruki injili."

Sikula mchana ule. Nilikwenda bondeni moja kwa moja na nguo za kanisani. Nikamkuta dada ametangulia kufika, ameshavua viatu, anakata masuke kwa kisu, ya kipande kilichochelewa kukomaa. Nywele zilikuwa zimeota zamani, nyeupe tupu. Nikashika kisu kingine nikaingia mstari wa pili. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea, nikaanza kwa kubishana na Injili.

"Umeisikia ya leo? Mimi naona mwenye shamba yule hakuwa mkulima. Nani anaacha magugu mpaka mavuno? Mpunga mwitu ukiuacha unapukutika, mwakani huna shamba."

"Ukitoa masuke utaukata kwa kisu, kama hivi," akasema, akaukata mmoja akaniwekea mbele ya macho, nywele zake ndefu zinang'aa. "Huhitaji kuung'oa. Wewe ulikuwa unang'oa ungali majani. Ulipokuwa mdogo ulinimalizia mpunga mpaka nikawa nakufukuza shambani. Unang'oa mpunga, unaacha mwitu, unakuja unajisifu."

"Kwa hiyo mwenye shamba alikuwa na akili?"

"Hakuogopa magugu yule. Aliwajua watu wake. Aliogopa mikono yao."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano ule. Wengine wanasema shamba ni dunia, wengine wanasema ni kanisa, mmoja alikuja na spika akasema magugu ni watu wa dhehebu lingine. Hakuna aliyenifikisha pale aliponifikisha mwanamke asiyejua herufi, amesimama katika mabua. Ufalme wa Mungu ni mahali ambapo mtu anaambiwa: usiguse, huoni vizuri. Basi. Mimi niliambiwa hivyo, kwa sauti, katika lugha ninayoielewa, na sikusikia.

Nikaacha kukata. Nikamwambia, "Dada, nisamehe."

"Nilikusamehe kwenye pantoni."

"Basi rudi nyumbani."

"Moyo umekusamehe, baba. Miguu ndiyo haitaki. Nikiuona mlango wako inakufa ganzi."

"Lakini katika ule mfano watumwa walikatazwa, wakatii. Hakuna mahali panaposema habari za mtumwa ambaye ameshang'oa. Afanye nini huyo?"

Aliendelea kukata. Baadaye akasema, "Mpunga ukiung'oa kwa makosa, usiutupe kwenye rundo. Uchomeke matopeni pale pale, utashika. Ukiacha ukapigwa na jua, ndiyo basi."

"Mimi nimechelewa?"

Akanitazama. Huruma niliyoiona usoni mwake ilikuwa ile ile ya kunipakata. "Umechelewa kidogo," akasema.

Hilo neno, kidogo, nililishikilia. Nikajiambia kidogo si sana. Mvua zile kubwa za tisini na saba kuingia tisini na nane zilipojaza bonde, nilimfuata kwa mtumbwi wa kuazima, nikamkuta juu ya dungu, ulingo wa kufukuzia ndege, yeye na kuku wake wawili. Alikuja. Hakuwa na pengine. Alikaa kwangu wiki zote za maji, akilala kitanda kimoja na binti yangu. Yeye na mke wangu walichambua mchele kwenye ungo mmoja, kichwa kwa kichwa, siku nzima bila neno. Sijui walikuwa wanaongea nini kwa ukimya ule. Maji yalipopungua akafunga kifurushi. Mke wangu akatoka nje, akashika ufito wa banda la jiko.

"Wifi, kaa."

"Nimekaa, wifi. Nimeshukuru. Sasa naenda."

Nilimrudisha mwenyewe. Nilimjengea kibanda kingine, madhubuti, na kila nyasi niliyoifunga nilijua ninamjengea mbali na mimi.

Alifariki tisini na tisa, mpunga ukiwa umeiva, mwezi mmoja kabla injili ile haijarudi mara ya tatu. Katekista alipoanza kuisoma nilitoka nje, kwa hiyo ya mara ya tatu siwezi kuisimulia. Nitasimulia maziko.

Nilimkuta mimi. Nilikuwa nimempelekea chumvi. Alikuwa amelala kwa ubavu, kisu amekiweka vizuri pembeni, kama mtu aliyesema nipumzike kidogo. Tulimbeba kwa machela ya kitanda mpaka nyumbani, akaingia mlango wangu kwa mabega ya wanaume wanne. Katekista akaja jioni ile ile. Alisema kwa kuwa marehemu hakuwa amefunguliwa sakramenti, yeye hana ruhusa ya kuongoza maziko yake, na kumfuata padri ni siku mbili. Machozi yalikuwa yanamtoka anapoyasema. Nikamwambia simama hapo kando kama jirani, nitaongoza mwenyewe.

Watu hawakuwa wengi, wengine bado walimwogopa, hata amekufa. Nilisimama mbele ya kaburi, sina kitabu, mimi mwenye madarasa mawili. Nikawaambia, "Huyu hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi, na mnanijua." Kisha nikaanza sala ninayoijua, Baba Yetu. Ufalme wako ufike, nikapita. Mkate wetu, nikapita. Nilipofika utusamehe makosa yetu, sauti ikakata. Nikajaribu tena ikakata. Watu wakangoja, jembe limechomekwa kwenye udongo. Ndipo mke wangu, aliyekuwa nyuma kabisa na wanawake, akalipokea neno pale lilipoangukia, akalimaliza peke yake kwa sauti kubwa, mpaka amina.